Oili ya Kwanza

"Siendi Kibiti mpaka oili imwagwe," Auleria alisema, akauweka ufunguo wa gari juu ya meza ya mwenyekiti.

Hakupandisha sauti. Angepiga kelele pengine ingekuwa nafuu kwa mumewe, Kasimiri, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma pamoja na wachongaji wenzake, vumbi la mpingo limemjaa mikononi. Mwanamke akipiga kelele watu husema ana hasira, zitapita. Auleria alisema kama mtu anayesoma saa ukutani, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kusimama wima, mikono nyuma, kama walivyomfundisha katika Jeshi la Kujenga Taifa, huko huko alikojifunzia udereva.

Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa Ushirika wa Wachongaji wa Mtoni, aliutazama ule ufunguo bila kuugusa. Nje ya dirisha gari lilisimama kando ya banda la kuchongea, pikapu ya buluu, viti bado vimevikwa nailoni. Wanachama arobaini na mmoja walikuwa wamelisubiri miaka minne. Siku lilipofika walilizunguka kwa ngoma, na watoto wa jirani walikatazwa kuligusa.

"Gari lina wiki saba, binti yangu," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee. Na limetembea kilomita elfu moja mia nne na kumi na mbili. Kitabu chake kinasema oili ya kwanza imwagwe kwenye elfu moja na mia tano. Kibiti kwenda na kurudi ni karibu mia tatu."

"Basi nenda, rudi, halafu tutazame."

"Kurudi nitakuwa na magogo, mzee. Barabara ni mchanga mtupu kuanzia Kibiti mpaka Mbagala. Injini itafanya kazi ya mwezi kwa siku moja. Nikimwaga kesho ni mapema kidogo tu, hakuna ubaya. Nikimwaga baada ya safari nimechelewa."

Fransis, katibu, alicheka. Alikuwa kijana wa kalamu tatu mfukoni, aliyependa kusema akiwa amesimama. "Lori letu la zamani lilikuwa linamwagwa oili kila baada ya elfu tano. Bovu lile, elfu tano! Hili jipya ndilo limwagwe upesi zaidi? Ndugu wanachama, nyie mkinunua shati dukani, mnalifua kabla ya kulivaa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kasimiri akajikuta naye amecheka, akafunga mdomo.

"Injini mpya vyuma vyake havijazoeana, ndugu katibu," Auleria alijibu. "Vinasuguana, vinatoa unga. Unga unabaki ndani ya oili na kuzunguka nayo."

"Tuliwahi kuambiwa hivi hivi," Fransis alisema, na safari hii hakucheka.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Dereva wa lile lori la zamani alikuwa akidai oili ya ziada kila baada ya wiki mbili, kwa maneno ya kitaalamu kama haya, mpaka Mama Chausiku, anayepaka rangi ya viatu vinyago vilivyokamilika, alipoikuta oili yenyewe ikiuzwa sokoni Temeke katika chupa za soda. Tangu siku ile oili ya ushirika hukaa kabatini kwa mwenyekiti. Na mwaka huo, oili ilivyokuwa imeadimika mjini, kabati lilikuwa na kopo moja tu, la lita nne, lililokuja pamoja na gari.

Kasimiri aliiona shingo ya mkewe ikikakamaa.

"Kopo hilo ni la dharura," Mzee Mwishehe alisema. "Kibali cha magogo kinaisha Jumatano. Magogo yako kando ya barabara, yamekwishagongwa muhuri. Tukichelewa watapewa wengine, na vinyago vya maonyesho tutavichonga kwa hewa. Jumatatu asubuhi gari linaondoka. Kama huwezi, binti yangu, atatafutwa anayeweza." Akageuka kutazama benchi la nyuma. "Kasimiri, zungumza na mkeo."

Hilo ndilo lililomuuma Kasimiri kuliko kicheko.

*

Siku nzima walimtania. Mmoja alimuuliza kama nyumbani kwake pia huanza kumwaga maji ya mtungi kabla hayajanywewa. Mwingine akauliza ni nani anayekaa upande wa usukani kitandani. Kasimiri alichonga. Tezo ilipomteleza mara ya pili aliiweka chini, akaenda kunawa.

Nyumba yao ilikuwa Temeke, chumba na ukumbi katika nyumba ya wapangaji sita. Jioni Auleria alikuwa uani anapepeta mchele, binti yao Yustina kamlalia mgongoni. Kasimiri akavuta kigoda.

"Mama Yustina."

"Abee."

"Sie wote wawili tunakula kwenye ushirika ule."

"Najua."

"Ukifukuzwa wewe, mie nitabaki nachonga kwa uso gani mbele za watu?"

Auleria aliendelea kupepeta. "Wamekutuma au umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe na nimetumwa."

Akatabasamu kidogo, akautua ungo. "Baba Yustina, wewe gogo likija limekatwa jana, unalichonga leo?"

"Litapasuka."

"Na mwenyekiti akikuambia chonga tu, watu wanasubiri?"

Kasimiri akaokota punje ya mchele iliyodondoka, akairudisha ungoni.

"Kitabu kile nimekisoma mara tatu, na neno nisilolijua nimemuuliza mwalimu wa shule ya jioni," Auleria alisema. "Injini ikifa, hawatasema mwenyekiti alikataa kutoa oili. Watasema tuliwaambia mwanamke hawezi gari. Na hawatampa mwanamke mwingine tena, mie nitakuwa nimewafungia mlango wote. Waache wanifukuze kwa kukataa. Kwa kuua gari, hapana."

Alichukua tena ungo. Kasimiri alikaa pale mpaka wali ukaiva, akala, na wala hakuonja alichokuwa anakula. Kilichomsumbua ni kwamba hakujua. Kama jambo lingekuwa la mpingo angesimama mbele ya yeyote. Injini kwake ilikuwa sanduku lenye kelele.

*

Jumamosi mchana alimwambia mkewe anakwenda kutafuta msasa, akaenda Chang'ombe kwa Mohamedraza.

Mohamedraza alikuwa na gereji ndogo na duka la vipuri, ingawa mwaka ule rafu zake zilikuwa na mikanda ya feni na vumbi zaidi ya vipuri. Mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Kasimiri alimwamkia, akazungukazunguka, akashika plagi moja na kuirudisha.

"Nina rafiki yangu dereva," alianza. "Anasema gari jipya humwagwa oili mapema. Nikasema nikuulize, wewe mtu wa kazi hii."

"Rafiki yako anaendesha gari gani, bwana?"

"Pikapu."

"Ya buluu? Ya ushirika kule Mtoni, inaendeshwa na mama mmoja wa kusini?"

Kasimiri akavitazama viatu vyake.

"Kaa," Mohamedraza alisema, akamsogezea kopo tupu la kukalia. "Miaka miwili sasa hakuna mtu aliyeniuliza swali hili. Magari mapya yako wapi siku hizi? Zamani yalikuwa yanakuja hapa kila wiki. Tukimwaga oili ya kwanza, mwanangu Abbasali alikuwa mdogo, anauliza, baba, nani ametia rangi ya fedha humu? Ni chuma, bwana. Chuma kimejila chenyewe."

Kasimiri alihisi mabega yake yakishuka. "Yote yanakuwa hivyo?"

"Ah." Mzee akavua miwani. "Siwezi kukudanganya. Mengi. Mengine oili ilitoka safi, nyeusi kidogo, basi. Inategemea mkono wa aliyeunda. La kwenu sijalifungua."

"Njoo Jumatatu, uwaambie kamati maneno haya."

Mohamedraza alitikisa kichwa. "Mie nije kwenye ushirika wenu, niwaambie mmwage oili? Mie muuza oili? Watasema Mhindi ametumwa na tumbo lake. Nitamharibia mkeo, bwana, sitamsaidia." Akaifuta ile miwani kwa shati, taratibu. "Lakini chukua hili. Injini iwashwe kwanza ipate moto. Oili ya kwanza kutoka msiitazame, itakuwa nzuri tu. Ngojeni ya mwisho, ile ya chini kabisa. Imwageni kwenye kitambaa cheupe, juani. Kama kuna habari, itakuwa pale."

"Na kama hakuna?"

"Basi mkeo atakuwa amefuata kitabu, na kamati itakuwa imepoteza kopo moja. Wewe unajua wao watalipokeaje."

Kasimiri alirudi kwa miguu mpaka Temeke. Alimwambia Auleria habari za kitambaa na oili ya mwisho. Kwamba mengine hutoka safi, hakumwambia.

*

Jumatatu alipofika uwanja wa ushirika aliona kwanza mtu asiyemjua, amekaa juu ya gogo, anavuta sigara. Fransis alikuwa ameleta dereva kutoka Keko. Auleria alikuwa amesimama karibu na gari, kavaa suruali yake ya kaki ya JKT, na wanachama wote wamejipanga kama wanaongoja mechi.

"Haya," Mzee Mwishehe alisema. "Binti yangu, unakwenda au huendi?"

"Oili ikimwagwa, mzee, nawasha sasa hivi."

"Nimekuuliza unakwenda au huendi."

"Mwenyekiti, naomba neno," Kasimiri alisema.

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Katika miaka sita ya mikutano alikuwa ameomba neno mara moja, kuuliza choo kitakarabatiwa lini.

"Patasi mpya kutoka dukani," alisema, "nani hapa huchonga nayo wiki nzima bila kuinoa? Unachonga kidogo, unaitoa, unainoa. Makali ya kiwandani bado si makali. Patasi ya zamani ndiyo unayoweza kuisahau kidogo. Hakuna mtu hapa anayesema nikinoa patasi mpya naiharibu, au naiba jiwe la kunolea."

Wachache waliguna. Fransis akafungua mdomo, mzee akamwinulia kiganja.

"Kile kinyago changu kikubwa cha watu waliobebana, kilichochaguliwa kwenda maonyesho," Kasimiri aliendelea, "nimekichonga miezi mitano. Oili ikitoka safi, malipo yangu yanunue kopo jingine, popote litakapopatikana. Na mie na mke wangu tutatoka ushirika bila kusukumwa."

Auleria alimgeukia, macho yamemtoka. Hawakuwa wamepanga hilo.

"Wewe unajua nini habari ya injini?" Mzee Mwishehe aliuliza, kwa upole.

"Sijui kitu, mzee. Namjua dereva."

Mzee alikuna kidevu. Alimtazama yule mtu wa Keko, akalitazama gari, kisha akaingia ofisini. Alipotoka alikuwa na lile kopo kwapani. Hakumpa mtu.

"Mwaga," alisema.

Auleria aliwasha injini, akaiacha ingurume mpaka ikapata moto. Akatandika gunia, akaingia chini ya gari na spana na beseni. Wanaume arobaini wakainama kumchungulia, wakaona nyayo zake tu. Nati ikalia, ikalegea. Oili ikaanza kutoka.

Ilikuwa nzuri. Ilishuka nene na laini, rangi ya asali iliyokaa siku nyingi.

"Ee bwana ee!" Fransis alipiga makofi. "Mnaiona? Hii ungekaangia mihogo!"

Kicheko kikaruka kutoka mtu hadi mtu. Kasimiri hakucheka. Alikifikiria kinyago chake, watu kumi na tisa waliobebana, na yule wa juu kabisa ambaye alimchonga na sura ya marehemu mama yake.

"Ya mwisho bado," alisema. "Tungoje."

Walingoja. Uzi wa oili ukawa mwembamba, ukawa matone, matone yakakawia. Auleria alibadilisha beseni akaweka bakuli, akalikinga chini ya tundu mpaka tone la mwisho. Alipotoka, mkono mpaka kwenye kiwiko ulikuwa mweusi. Mama Chausiku, kama Auleria alivyomwomba, alikuwa tayari amekata kipande cha marekani, kitambaa cheupe wanachofungia vinyago, akakitandaza kwenye mchanga, juani.

Auleria akamimina.

Oili ilizama katika kitambaa, ikaacha doa la kahawia. Kwa muda mfupi doa hilo lilikuwa doa tu. Kisha Mama Chausiku akavuta pembe moja ya kitambaa, jua likalipiga kwa upande, na kitambaa kikameta chote, kama mgongo wa samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

Mzee Mwishehe alipiga goti, kazi ngumu kwa umri wake. Akachovya vidole viwili, akavisugua pamoja taratibu, amefumba macho. Vidole vile vilikuwa vimelainisha mpingo tangu enzi za Mwingereza. Vilijua.

"Msasa," alisema. Akasugua tena. "Huu ni msasa, jamani. Tulikuwa tunaipiga injini msasa kutoka ndani."

Watu wakasogea mmoja mmoja, kila mmoja akachovya kidole. Wote wachongaji, hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Yule dereva wa Keko naye alikuja, akachovya, akapiga mluzi. "Sista," alimwambia Auleria, "mie ningeondoka nalo hivi hivi." Akaaga, akaenda zake.

Fransis alikuwa amebaki peke yake penye beseni. "Sasa hii iliyobaki si nzuri?" alisema. "Tuichuje kwa kitambaa, tuirudishe. Kopo tuliweke."

Kasimiri alimwona mzee akisita. Lita nne kwa mzee huyu hazikuwa jambo dogo. Alikuwa mtu anayeokota misumari iliyopinda na kuinyoosha.

"Unga mwembamba kitambaa hakiushiki, mzee," Auleria alisema. "Lakini haitapotea. Nguzo za banda zinaliwa na mchwa. Zipakwe hii, mara mbili, chini zote. Mchwa hawatarudi."

Mzee Mwishehe alizigeukia zile nguzo. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyeondolewa mzigo ambao asingekubali kamwe kuutua mwenyewe. "Mmesikia," alisema. "Leteni brashi."

Akampa Auleria kopo, kwa mikono miwili. Nati ilipokwisha kukazwa, Fransis alisimama kando akiangalia kila tone likiingia kwenye injini, na mwisho akamtaka aligeuze kopo juu chini, ionekane kweli limekwisha. Auleria alilipindua, akalitikisa. Kisha akajifuta mikono, akatoa daftari la gari chini ya kiti.

"Andika, ndugu katibu. Tarehe, kilomita, oili imemwagwa. Na sahihi yako hapo."

Fransis aliandika. Alilazimika kuinama ili apate pa kuegemea, na akaegemea mlango wa gari.

*

Gari lilirudi Jumanne saa kumi na moja jioni, limejaa magogo hadi juu, limefunikwa vumbi jekundu hata buluu yake haikuonekana. Injini ilinguruma sawasawa. Wachongaji waliacha tezo wakaja kushusha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza Kasimiri habari za usukani. Mmoja alimletea Auleria maji ya kunywa kwenye kikombe cha ofisi, kile cha wageni.

Mzee Mwishehe alizunguka gari mara mbili. "Na sasa mpaka lini?" aliuliza.

"Kitabu kinasema elfu tano, mzee. Lakini kwa njia ile ya mchanga mie ningesema elfu tatu."

"Elfu tatu," mzee alirudia. "Fransis, ingiza kwenye maombi ya robo ijayo. Makopo mawili."

Auleria na mumewe waliondoka pamoja kwa miguu kuelekea Temeke. Alikuwa amechoka, mabega yanauma, viatu kavishika mkononi.

"Ile oili ilipotoka kama asali," Auleria alisema ghafla, "nilikuwa chini ya gari pale nikasema, basi, nimekwisha."

Kasimiri akamtazama. "Si ulisema kuna unga wa chuma?"

"Kitabu kilisema imwagwe. Unga nilisimuliwa na koplo mmoja. Kwa macho yangu sijawahi kuuona. Jeshini magari yote yalikuwa makuukuu."

"Ulisema mbele ya kamati nzima kama mtu aliyeona!"

"Ningesema kama mtu aliyesimuliwa, nani angenisikia?"

Kasimiri alisimama katikati ya njia. "Na mie nimeweka kinyago. Miezi mitano. Mohamedraza mwenyewe aliniambia mengine hutoka safi."

"Alikuambia nini?"

"Mengine hutoka safi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelala?"

Auleria alimkodolea macho mumewe, kiatu kimoja kimemponyoka mkononi bila yeye kujua. Kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, akainama, akashika magoti. Kasimiri naye akashindwa kujizuia. Walicheka pale njiani, wameshikana mabega, mmoja ana vumbi jekundu na mwingine jeusi, mpaka mwenye duka la mkaa akatoka nje kuona kuna nini.